Ganzi ya Mwenyekiti

—chali kabisa, mwenzangu! Tumbo juu, mdomo wazi, meno yote nje, na mama mdogo kashika kichwa, glovu zinamchuruzika maji, anasema, "Nimeua! Nimeua samaki wa watu, na mwenyewe yuko njiani anakuja!" Na simu ya mapokezi inalia, inalia, na mimi naliona kabisa jina la anayepiga, ni huyo huyo mwenye samaki!

Ngoja. Ngoja nikae kwanza, nimeanzia mkiani. Wewe hujawahi kufika pale kliniki, nikikuacha hivi utapotea, na mimi leo siwezi kutulia, mikono bado inanukia karafuu hata baada ya kuoga.

Unajua nilivyomaliza chuo nikakosa pa kujishikiza, mama mdogo akaniambia basi njoo ukae mapokezi kwangu. Mama mdogo ni daktari wa meno. Kliniki yenyewe ni vyumba viwili na kistoo. Mbele wanakaa wagonjwa, na mimi na meza yangu. Nyuma ndiko kuna kile kiti cha kulala, taa yake, na mashine ya kuchonga, ambayo ikianza kulia tu, wagonjwa wote wa mbele wanakumbuka kwamba wameacha jiko linawaka nyumbani. Yuko pia Sista, nesi wake wa miaka yote, mwanamke mpana, sauti yake haihitaji kipaza, na kila nikikosea kitu ananiita Msomi.

Halafu kuna Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni piranha, yule samaki mla nyama. Ndiyo, yule yule unayemfikiria, mwenye tumbo jekundu na mgongo wa kijivu unaometameta kama kamwagiwa pambo, taya la chini limetokeza kama mtu aliyenuna. Si wa mama mdogo. Ni wa baba mdogo, mume wake, ambaye kazi yake ni kuchimba visima huko mbali, akitoka ametoka, miezi inapita. Alimnunua akiwa mdogo kama kijiko cha chai, yeye na wenzake wawili, akawaita Kamati. Sasa hawa samaki wanataka kundi kubwa na tangi pana. Ukiwaweka wachache, wakabanana, wanaanza kutazamana vibaya. Kamati ikakaa kikao cha kwanza, mjumbe mmoja akatoka hana mkia. Kikao kilichofuata hakikuwa na wajumbe. Akabaki Mwenyekiti peke yake, kashiba, anatazama ukuta.

Mama mdogo akasema, "Huyo nyumbani kwangu halali." Ndiyo akaletwa kliniki, akawekwa hapo kwa wagonjwa, na watoto wakija kung'olewa jino wanabandika pua kwenye kioo wakisubiri amle mtu. Watasubiri sana. Maana nikuambie kitu: yule samaki ni mwoga! Mwoga wa kutupwa! Mlango ukijibamiza anakimbilia nyuma ya bomba la pampu, anageuza mgongo, anapauka rangi. Kula kwenyewe mpaka usimtazame. Unamshushia kipande cha kamba wa baharini kwa kibano kirefu, unajifanya unaangalia dirishani, ndipo unasikia *kap!*, ukigeuka kibano kitupu na yeye kasharudi nyuma ya bomba, kama si yeye.

Na mama mdogo hamtaki. Hakuwahi kuficha. Mbele ya wagonjwa anasema, "Siku moja nitamtia limao huyu." Mume akipiga simu anamwambia, "Mafuta yako jikoni, nasubiri nafasi tu." Zamani walikuwa wanacheka wote wawili. Lakini likizo ya mwisho baba mdogo akaja na tangi jipya, refu kama jeneza, akalipanga kwenye kistoo, na mama mdogo akaliangalia lile tangi, akasema, bila kucheka, "Huyu anajengewa nyumba. Mimi tangu mwaka gani nakuomba unibadilishie kabati?" Pakawa na maneno. Mimi nilikuwa nimejibanza mapokezi najifanya napanga karatasi. Nilisikia, "Chagua, mimi au huyo." Baba mdogo alichukua begi lake akaenda zake kazini.

Tangu siku hiyo, simu zake ni hivi: "Mwenyekiti hajambo?" Halafu, mwisho kabisa, "Na wewe?" Mama mdogo anasema, "Hajambo," ananipa mimi simu. Sehemu yake ya "na wewe" hata hajibu.

Haya. Leo ndiyo siku anarudi. Wiki nzima ametuelekeza kwa simu: jazeni tangi jipya, tieni dawa ya kuondoa klorini, washeni pampu na kile chuma cha kupasha maji, maji yawe vuguvugu, yazunguke. Tumefanya yote. Mwisho akasema, "Lakini msimhamishe. Mimi ndiye nitamhamisha." Mama mdogo akajibu, "Nani ana haja naye?"

Tumefunga mchana, mgonjwa wa mwisho ameondoka kashika shavu, navaa viatu vyangu vya kutokea. Nakanyaga maji. Nikadhani Sista kamwaga ndoo. Natazama: maji yanatoka kwenye pembe ya tangi la Mwenyekiti, gundi imeachia, yanateremka ukutani kimya kimya kama mtu anayelia hataki asikike. Na Mwenyekiti anazunguka, anazunguka, maji yanazidi kushuka.

"Mama mdogo!"

Akatoka na barakoa kidevuni. Sista nyuma yake. Tukasimama watatu tunatazama.

Sista akasema, "Daktari, wewe kaa kimya tu. Maji yanakufanyia kazi yako."

Ni utani wake wa kila siku, lakini mama mdogo hakucheka. Alikuwa ameganda. Akasema polepole, "Mimi niliyesema limao. Mimi niliyesema mafuta yako jikoni. Akifika akamkuta amekufa, kwenye kliniki yangu, siku anarudi. Nani ataniamini? Wewe Sista, ungeniamini?"

Sista akatazama chini. "Mimi ningekuamini, Daktari. Lakini mimi si mume wako."

Basi mbio! Ziba pembe na kitambaa, maji yanapita. Chota na ndoo tumhamishie kistoo, Mwenyekiti anajirusha, maji yananipiga usoni. Leta wavu, akautoboa mara moja akapita upande wa pili, nao wavu ukabaki kama soksi ya mwanafunzi. Mwoga akibanwa, jamani! Sista huyo, juu ya benchi la wagonjwa, na mwili wote ule, anapiga kelele, "Mimi nina watoto!"

Nikampigia yule muuzaji wa samaki wa mapambo, namba yake iko imebandikwa juu ya tangi. Nikaweka sauti ya juu wote wasikie. Akasema, "Mlazeni usingizi kwanza. Wekeni mafuta ya karafuu—"

"Karafuu?" mama mdogo akamkatiza. "Sasa si useme! Karafuu ndiyo kazi yangu!" Kashafika kabatini. Unajua pale kliniki tuna chupa ya mafuta ya karafuu siku zote, ya kutuliza jino, tena ile kali yenyewe. Yule bwana kwenye simu bado anaongea, "...kidogo tu, myatikise kwanza na maji ya—" simu ikakatika hapo hapo, na mama mdogo kashadondosha, tone, tone, tone, moja kwa moja juu ya maji.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo tulipoharibu, na kosa lile haliwezi kufanywa na mtu mwingine yeyote duniani isipokuwa watu wa kliniki ya meno.

Mama mdogo ana sifa moja: kwenye kiti chake hajawahi kuumia mtu. Akikuchoma sindano ya ganzi, anasubiri, halafu anakugusa fizi na kile chuma chembamba, anauliza, "Unasikia hapa?" Ukisema ndiyo, hakugusi. Anamwambia Sista, "Hajashika. Ongeza." Ukisema kidogo tu, "Ongeza." Ndiyo kazi yake ilivyo, ndiyo mikono yake ilivyozoea.

Basi akachukua kile chuma, akakiingiza majini, akamgusa Mwenyekiti mkiani. "Unasikia hapa?"

Mwenyekiti akachapa mkia, *pwaa!*

"Hajashika. Sista, ongeza."

Sista akashuka kwenye benchi akaongeza. Wakasubiri. Akamgusa tena. *Pwaa!*

"Ongeza."

Na hakuna aliyeona, hata mimi na shahada yangu ya kemia, kemia, mwenzangu, usinicheke, kwamba yale mafuta hayajaingia kwenye maji! Yako juu, yanaelea, vijiduara vinang'aa, na Mwenyekiti yuko chini mzima kama kawaida. "Ongeza." "Ongeza." Chumba chote kinanuka karafuu mpaka macho yanawasha.

Ndipo simu ya mapokezi ikalia.

Unakumbuka nilivyokuambia juu ya uoga wake? Ile simu kulia tu, Mwenyekiti akaruka kama kapigwa shoti. Mbele, nyuma, juu, chini, maji yakachafuka kama kwenye mashine ya kufulia. Na mafuta yote yale, yote, yakachanganyika kwa pamoja. Akayumba. Akaenda upande kama mlevi anayetafuta ukuta. Akageuka chali.

"Sasa ameshika," Sista akasema.

Tukatazama mashavu yake, yale anayopumulia, yanayofunguka na kufunga. Yakafunguka. Yakafunga. Hayakufunguka tena.

Hapo ndipo mama mdogo akashika kichwa. Na simu bado inalia. Nikaipokea, sijui kwa nini niliipokea, mdomo wangu huu!

"Redio!" Hilo ndilo jina ananiita baba mdogo. "Nimeshashuka, natafuta teksi. Mwenyekiti hajambo?"

"Amepumzika," nikasema.

"Mpe salamu."

Nilipogeuka, mama mdogo hakuwa ameshika kichwa tena. Sijui nikuelezeje. Alikuwa amebadilika, amekuwa vile anavyokuwa pale mgonjwa anapozimia kwenye kiti. Macho makavu, sauti ya chini. Alimwinua Mwenyekiti kwa mikono yake miwili, yule ambaye kabla ya leo hajawahi kumgusa hata kwa kibano, akakimbia naye chumba cha nyuma. "Beseni! Maji ya tangi jipya! Si ya bomba, ya bomba yana dawa! Taa!"

Tukamlaza kwenye beseni juu ya kiti cha wagonjwa, taa ikawashwa, ile kubwa, meno yake yanang'aa kama kipande cha msumeno. Nikampigia tena muuzaji. Naye sasa kaingiwa na hofu, anasema, "Mmetia kiasi gani? Kiasi gani? Loo! Basi maji safi yapite mdomoni yatokee mashavuni, msiache, sijui kama... msiache tu!"

"Yapite vipi, kafunga mdomo!" Sista akasema, maana taya lilikuwa limejirudia taratibu, meno kwa meno, kama zipu.

Mama mdogo akanyoosha mkono bila kutazama. "Kile kimpira cha watoto. Kidogo kabisa."

Kuna kile kimpira wanachowawekea watoto kati ya magego ili wasifunge mdomo. Akamfungua Mwenyekiti taya kwa vidole, akakipachika pembeni, kikakaa! Halafu akachukua bomba kubwa la sindano, lisilo na sindano, akavuta maji, akaanza kusukuma polepole mdomoni. Yakatokea mashavuni. Akavuta tena. Akasukuma. Mimi naleta maji kwa ndoo, namwaga ya zamani, naleta mengine, viatu vyangu vya kutokea vimekuwa mitumbwi, Sista anashikilia mkia na anaomba Mungu kwa sauti ya mnadani.

Hakuna kitu. Anasukuma, hakuna kitu. Kila gari likipita nje tunageuza shingo wote watatu. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena. Sista akanikemea, "Msomi, simama sehemu moja, unanizungusha kichwa!" Siwezi! Miguu yenyewe inakwenda!

Halafu nikamsikia mama mdogo anaongea. Ile sauti anayowapa watoto wanaoogopa. "Vumilia kidogo. Tunamaliza sasa hivi. Fungua mdomo, hivyo hivyo, hodari." Anasukuma maji. "Usinifanyie hivi, bwana. Limao nilikuwa natania. Unasikia? Nilikuwa natania." Na barakoa yake imelowa hapa juu karibu na macho, na siyo maji ya tangi.

Sista akaacha kuomba.

Shavu likatikisika. Kidogo, kama kope. Nikasema nimeota. Likatikisika tena, likafunguka, likafunga! "Anapumua!" nikapiga kelele, na mama mdogo akaingiza kidole kutoa kile kimpira asije akakimeza, na hapo, mwenzangu, ndipo Mwenyekiti alipoamka. Aliamka kwa meno.

*Kap!*

Glovu ikapasuka, damu ikaingia beseni, na mama mdogo akaruka juu na mkono hewani. "Ameniuma! Jamani, ameniuma!" Anacheka! Anazunguka chumba na damu inamteremka mpaka kiwiko, anacheka kama mtu aliyeambiwa amefaulu. "Sista, ameniuma! Mzima huyu!" Na Sista kamkumbatia, na mimi nalia na ndoo yangu.

Tukambeba na beseni lake mpaka kistoo, tukamteremsha kwenye tangi jipya. Akaserereka chini, akayumba kidogo, akaona bomba la pampu, akajificha nyuma yake. Akatugeuzia mgongo. Sijawahi kufurahi kuona mgongo wa mtu namna ile.

Sista alikuwa anammalizia mama mdogo bandeji wakati mlango ulipofunguliwa.

Baba mdogo. Kofia mkononi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaingia na tabasamu lake la barabarani, na likamwishia hapo hapo mlangoni. Sasa jiweke wewe mahali pake. Tangi tupu. Maji sakafuni. Wavu umetobolewa. Kisu cha Sista cha matunda kiko juu ya meza. Na chumba kizima, mwenzangu, mpaka mapazia, kinanukia nini? Karafuu!

Akavuta pumzi. Akamtazama mkewe.

"Umempika," akasema.

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Nikafungua mdomo nieleze yote, Sista akanifinya hapa kwenye nyonga, alama bado ipo. Na mama mdogo, yule mwenye maneno yake, hakusema hata moja. Alikuwa amerudisha mkono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyevunja kikombe. Midomo inamchezacheza. Nikaona kabisa hataki kujitetea. Anasubiri aone kama ataaminiwa bila kujitetea.

Baba mdogo akashusha macho. Bandeji ilikuwa imeshalowa, na tone likadondoka sakafuni nyuma ya kisigino cha mama mdogo. Akaliangalia lile tone. Akaja, akauvuta ule mkono taratibu, akafungua bandeji ya watu, Sista akaguna. Chini yake alama, nusu duara, vitobo vimepangana vizuri kama mshono wa cherehani. Baba mdogo ana alama kama hiyo kwenye dole gumba lake, ya zamani. Akaviweka vidole viwili sambamba, chake na cha mkewe. Ile ile.

"Ulimtia mkono mdomoni?"

"Alikuwa hapumui," mama mdogo akasema.

Baba mdogo akakaa kwenye benchi la wagonjwa. Akakaa tu, kama mtu aliyeambiwa jino litang'olewa. Hakuuliza yuko wapi. Hakwenda kistoo, mwenzangu, na mlango wa kistoo uko pale wazi, pampu inasikika! Alikuwa bado ameshika ule mkono.

Akasema, "Wewe kinakuuma sana?"

Wewe! Wewe kwanza! Nilimwangalia Sista, Sista akaniangalia, tukatazama dari wote wawili. Na mama mdogo akajibu, kwa mara ya kwanza tangu ule ugomvi, "Kinauma, ndiyo. Na kabati bado sijabadilishiwa."

"Nitalibadilisha."

"Na samaki wako ni mwoga."

"Najua," baba mdogo akasema. "Ndiyo maana..." Akatazama mlangoni, kule alikoacha mizigo. Akaanza kujikuna kisogo, nami nikamjua, baba mdogo akijikuna kisogo ujue kuna jambo. "Redio, mwanangu, ule mfuko mweusi, usogeze, usikae juani. Usogeze polepole. Usiutikise."

Nikaenda kuuchukua. Mzito! Na ndani yake kitu kinacheza, *chwa, chwa*, maji haya, nayatambua, na juu umetobolewa matundu ya kupitishia hewa. Nikauweka mbele ya mama mdogo. Akautazama mfuko. Akamtazama mumewe. Kwa kile kidole chake kibovu akavuta zipu, akainama, akachungulia ndani, akakaa ameinama hivyo hivyo, na baba mdogo anasema kwa sauti ndogo kabisa, "Ni Kamati mpya tu, asikae peke yake. Na tangi safari hii ni kubwa..."

Hapana, siwezi, mama mdogo huyo ananiita, chaji ya simu yenyewe imebaki nyembamba kama sindano, na nikianza sasa hivi kukuambia alivyoinuka pale na alichokitamka utacheka mpaka uamshe nyumba. Kesho asubuhi, kabla hujashika mswaki, nakupigia. Uwe umekaa.